Lori hupimwa kila mizani, Mto Kagera hupita bila kupimwa

Lori la simenti au maharage linalotoka Mwanza kwenda Kampala halifiki Mutukula bila kupanda mizani. Dereva analijua hilo, mwenye mzigo analijua, na utingo naye analijua. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na anayezidisha hulipa. Kisha lori hilo, karatasi zake zote zikiwa zimegongwa mihuri, huvuka daraja la Kyaka. Chini ya daraja unapita Mto Kagera, ambao wakati wa masika huwa na rangi ya chai ya maziwa. Umebeba udongo wa Burundi, wa Rwanda na wa Tanzania. Udongo huo hauna cheti cha uasili, haujapita forodhani, na mfanyabiashara anayeulizia ni tani ngapi zilizopita jana hana daftari la kufungua.

Mali bila daftari huisha bila habari. Wazee wa soko huutumia msemo huo kumkanya kijana anayefungua duka lake la kwanza. Serikali za ukanda huu nazo zinastahili kukanywa vivyo hivyo. Udongo unaoelea kwenye mito inayovuka mipaka ni mali inayotoka, na huko unakofika ni gharama inayoingia. Nchi zinazochangia mto mmoja zinapaswa kuupima kwa kipimo kimoja na kutangaza hesabu yake kwa kila mtu, kama benki zinavyotangaza bei ya dola.

Tope linaingiaje kwenye biashara

Ni rahisi kudhani kwamba jambo hili ni la wanamazingira na semina zao za hotelini. Mfanyabiashara wa mpakani hukutana na tope kila siku, ila huletewa likiwa na jina jingine.

Hukutana nalo bandarini. Mahali ambapo mto unaingia ziwani au baharini, maji hupoteza kasi na udongo hutua. Kina hupungua, chombo hulazimika kupunguza mzigo au kusubiri, na mwisho mkandarasi huitwa kuchimbua tope. Kazi hiyo hulipwa kwa mita za ujazo. Fedha zake hutoka kwenye tozo za bandari, na tozo za bandari huishia kwenye bei ya katoni ya sabuni. Serikali isiyojua tope linaingia kiasi gani kwa mwaka haiwezi kujua kama kina ilichokilipia kitadumu miaka kumi au mvua mbili.

Hukutana nalo kwenye umeme. Mtambo wa Rusumo, wenye uwezo wa megawati 80, ulijengwa na Burundi, Rwanda na Tanzania kwa pamoja, na nchi hizo tatu hugawana umeme wake sawa kwa sawa. Mchanga unaopita kwenye mashine za umeme husugua vyuma kama msasa. Chuma kikilika, mashine husimama kwa matengenezo, na mwenye mashine ya kusaga au jokofu la samaki ndiye wa kwanza kujua.

Hukutana nalo pia mwaloni. Chembe za udongo hubeba fosforasi, kirutubisho kilekile ambacho mkulima hukinunua kwenye mfuko wa mbolea. Ikifika ziwani hulisha mwani na gugumaji. Wafanyabiashara wenye umri mkubwa hawajasahau. Gugumaji lilianza kuonekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Kagera ilikuwa njia kubwa ya kuliingiza. Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunika maji ya bandari za Kisumu na Port Bell. Meli zilishindwa kutia nanga, na mitumbwi ya dagaa, au omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, ikashindwa kutoka. Mmea ule ulivuka mipaka kwa kufuata maji, na serikali zilianza kuuhesabu ulipokwisha kuziba gati. Tope linafuata njia hiyohiyo.

Kidogo kwa lita, kingi kwa siku

Sababu mojawapo ya tope kupuuzwa ni kwamba kwa macho huonekana dogo. Mtu akichota lita moja ya maji ya mto wakati wa mvua, akaiacha itulie, chini ya chupa hubaki utando mwembamba tu. Hebu hesabu ifanywe kwa namba za mfano, zilizochaguliwa kwa wepesi wa kuzidisha.

Tuseme lita moja ina nusu gramu ya udongo. Tuseme mto unapitisha mita za ujazo 200 kila sekunde. Hizo ni lita 200,000. Zidisha kwa nusu gramu: kilo 100 kwa sekunde moja. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo jumla ni tani 8,640 kwa siku. Lori moja likibeba tani 30 za mzigo, hayo ni malori 288, yamejaa udongo wa juu wenye rutuba, yakipita usiku na mchana bila kuulizwa lolote. Laiti msafara kama huo ungepita barabarani siku moja tu, redio zote za mpakani zingeutangaza.

Hesabu hiyo pia inaonyesha hatari ya kukosea. Aliyekadiria robo gramu badala ya nusu amepoteza malori 144 kwa siku. Aliyepima maji ya mto siku ya kiangazi, kisha akazidisha kwa siku 365, hajapima kitu.

Maji nayo yana bambo

Mfanyabiashara wa nafaka hanunui gunia kwa kutazama punje za juu. Anachukua bambo, analichoma gunia ubavuni, anatoa punje za ndani na kuzitazama kiganjani. Anajua kwamba juu ya gunia panaweza kuwa na mahindi meupe na chini pumba.

Mto ni gunia la namna hiyo. Udongo laini wa mfinyanzi huelea karibu sawa kutoka juu hadi chini, lakini mchanga hukimbia karibu na sakafu ya mto. Anayechota kwa ndoo ukingoni anapata maji ya juu tu, na katikati ya mto, ambako mkondo una nguvu, hafiki. Ndiyo maana wapimaji hutumia chupa maalumu yenye mdomo mwembamba, iliyofungwa kwenye chuma kizito. Huishusha kutoka darajani hadi karibu na sakafu, kisha huipandisha kwa mwendo uleule, chupa ikijaa kidogo kidogo kutoka kila kina. Hurudia hivyo sehemu kadhaa, kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine.

Kazi ya maabara haina uchawi. Maji huchujwa kwa karatasi iliyokwisha kupimwa uzito, karatasi hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi joto zipatazo 105, kisha hupimwa tena kwenye mizani ndogo. Tofauti ya uzito ndiyo udongo. Jibu huandikwa kwa miligramu kwa lita.

Vipo vifaa vya haraka zaidi. Kimoja humulika maji na kupima mwanga unaorudishwa na chembe. Kingine hutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Tangu mwaka 1865, wakati mwanasayansi wa Italia Angelo Secchi alipoijaribu, ipo pia sahani nyeupe ya kushusha kwa kamba: kina inapopotea machoni ndicho kipimo cha ung'avu wa maji, na hata kikundi cha wavuvi mwaloni kinaweza kuitumia. Angani, setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha za ziwa na pwani kila baada ya siku chache, na picha hizo hutolewa bure.

Lakini vyote hivyo hupima kivuli cha tope. Sahani ya Secchi haitofautishi udongo na mwani. Setilaiti huona maji ya juu tu, na wakati wa masika, tope linapokuwa jingi, mawingu huiziba macho. Mashine ya mwanga husoma udongo laini tofauti na mchanga hata kama uzito ni mmoja. Kila kifaa kinahitaji kulinganishwa na chupa iliyochujwa na kupimwa kwenye mizani. Nchi moja ikiandika kipimo cha mwanga na nyingine ikaandika uzito, hazizungumzi lugha moja. Moja inauza kwa debe na nyingine inanunua kwa kilo, na kila aliyewahi kugombania lumbesa anajua ugomvi huo huishia wapi.

Siku ya mnada ndiyo ya kuhesabu

Jambo la pili ambalo wapimaji hulijua na bajeti hulisahau ni siku ya kupima. Sehemu kubwa ya udongo wa mwaka mzima huweza kupita katika siku chache za mafuriko. Ofisi inayotuma gari mtoni mara moja kwa mwezi, tena siku ambayo barabara inapitika, ni sawa na mtu anayehesabu wateja wa mnada siku isiyo ya mnada. Atarudi na takwimu safi zisizo na maana.

Hata mafuriko yenyewe yana tabia. Mvua za kwanza baada ya kiangazi hukuta vumbi limelala mashambani na kulizoa. Wiki kadhaa baadaye mto unaweza kuwa na maji kiasi kilekile na tope likawa pungufu, kwa sababu lililokuwa jepesi kuchukuliwa limekwisha kwenda na mazao yameanza kufunika ardhi. Kimo kimoja cha maji kinaweza kubeba mizigo miwili tofauti.

Hapo ndipo modeli inapoingia. Wataalamu huchukua vipimo vya siku nyingi, vya maji kidogo na vya mafuriko, na kuchora mstari unaounganisha kiasi cha maji na kiasi cha tope. Kwa kuwa kimo cha maji husomwa kila siku, mstari huo hujaza siku ambazo chupa haikushushwa. Modeli kubwa zaidi huongeza mvua, mwinuko wa vilima na aina ya kilimo, kisha hufuata chembe hadi ziwani. Chembe ya mchanga mwembamba, wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hushuka mita moja ya maji tulivu kwa kama dakika mbili. Chembe ya mfinyanzi, iliyo ndogo mara hamsini kuliko hiyo, huhitaji siku tatu hivi kushuka mita ileile. Mchanga hubaki karibu na mlango wa mto, na mfinyanzi huenda unakopelekwa na upepo na mkondo, pengine hadi kwenye maji ya nchi nyingine.

Modeli ni msaada mkubwa, lakini hula vipimo. Isipolishwa hujaza pengo kwa kukisia, na kwa kuwa hukisia kwa rangi nzuri kwenye skrini, waziri huamini. Hata mstari rahisi wa maji na tope, ukichorwa bila uangalifu wa kihesabu, huelekea kutoa jumla iliyo chini ya ukweli. Swali la kwanza la kumuuliza mtaalamu yeyote anayeleta ramani ya mmomonyoko ni moja: chupa ngapi zilichukuliwa, wapi, na je, mvua ilikuwa inanyesha?

Malindi ilipolipa deni la kutopima

Anayetaka kuona hasara ya kukosa daftari aelekee pwani ya Kenya. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Tsavo kwa jina la Galana, na huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Hauvuki mpaka wa nchi, lakini somo lake linavuka. Maji ya chumvi hufanya chembe laini zishikane na kutua haraka, na upepo huamua upande. Wakati wa kaskazi tope husukumwa kusini kuelekea Malindi, na wakati wa kusi huelekezwa kaskazini. Wavuvi na wenye hoteli wa Malindi hawahitaji kalenda kulijua hilo, kwa kuwa bahari yenyewe hugeuka rangi ya kahawia.

Je, hali ilikuwa hivyo tangu zamani? Hakuna mtu aliyekuwa na chupa mtoni miaka ya 1700. Jibu lilitoka kwenye jiwe hai. Tumbawe hukua kwa tabaka za kila mwaka kama pete za mti. Chembe za mto zinapokutana na chumvi huachia madini ya bariamu, na tumbawe huyahifadhi kwenye tabaka la mwaka huo. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300. Walikuta kwamba udongo ulioletwa na Sabaki kati ya mwaka 1700 na 1900 ulikaribia kuwa kiwango kilekile. Kuanzia mwaka 1900 ulianza kupanda mfululizo, na watafiti wakauhusisha na watu kuongezeka na matumizi ya ardhi kubadilika.

Yaani mto uliongeza mzigo kwa karne nzima, na rekodi ndefu iliyopatikana iliandikwa na kiumbe wa baharini. Binadamu wameisoma baada ya fukwe kubadilika. Ziwa Viktoria halina matumbawe ya kuwasaidia watakaouliza mwaka 2100.

Hofu ya walioko juu ya mto

Kuna sababu ambayo haisemwi mikutanoni lakini inajulikana. Nchi zilizo juu ya mto huhofia kwamba kupima ni hatua ya kwanza ya kudaiwa. Rwanda na Burundi zina vilima vyenye mteremko mkali na watu wengi wanaolima. Mkulima wa vilima hivyo halimi mteremkoni kwa ukaidi, hana tambarare. Ofisa wa Kigali au Gitega anaweza kujiuliza: kwa nini nitoe takwimu zitakazotumiwa Dodoma au Kampala kuninyooshea kidole?

Hofu hiyo ina mantiki, lakini jiografia ya Kagera inaonyesha kwamba ukimya huenda unawaumiza haohao wanaoutunza. Nyabarongo, unaotoka magharibi mwa Rwanda, hukutana na Akanyaru, unaochora sehemu ya mpaka wa Rwanda na Burundi, kusini mwa Kigali. Kutoka hapo maji hupita kwenye madimbwi mapana ya mafunjo na maziwa madogo kama Rweru na Mugesera. Ruvubu huja kutoka Burundi na kujiunga karibu na maporomoko ya Rusumo. Baada ya Rusumo mto hupita tena kwenye maeneo oevu ya Akagera kabla ya kugeuka mashariki kuelekea Kyaka na kuingia ziwani upande wa Uganda, karibu na mwalo wa Kasensero.

Mafunjo ni chujio. Hupunguza kasi ya maji na kuuacha udongo utue. Kwa hiyo tope linaloonekana Kyaka huenda si lote lililoporomoka kwenye vilima vya Rwanda na Burundi. Sehemu yake inaweza kuwa imetoka kwenye kingo, mashamba na njia za mifugo zilizo chini zaidi, ndani ya Tanzania na Uganda. Kinyume chake, anayekausha mafunjo ili alime anaweza kuachia tope lililokuwa limezuiwa, hata kama hakuna kilima kipya kilichofyekwa. Ni sehemu gani inachangia kiasi gani? Hilo ndilo jambo ambalo lawama haiwezi kulijibu na chupa inaweza. Mwenye mizani haogopi kusingiziwa uzito.

Lipo pingamizi jingine, tena la haki: fedha za kupima si zingetumika kuchimba matuta ya ngazi na kupanda miti? Matuta yanahitajika, na Rwanda imefanya kazi kubwa ya kuyachimba. Lakini yachimbwe kilima kipi kwanza? Fedha zikitawanywa sawasawa kwenye vilima vyote, huenda kijito kimoja kinachotoa tope jingi kikapata haba sawa na kile kinachotoa maji meupe. Na miaka mitano baadaye, bila kipimo cha kabla na cha baada, hakuna atakayejua kama matuta yalisaidia au yalipigwa picha tu.

Vituo sita na daftari moja

Kinachopendekezwa hapa hakihitaji chombo kipya chenye bendera na magari. Ukanda huu umekwisha kuwa navyo. Shirika la Bonde la Kagera liliundwa mwaka 1977 na kuvunjwa mwaka 2004. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Viktoria ilitiwa saini mwaka 2003, na Kamisheni ya Bonde hilo ina makao yake Kisumu. Tangu mwaka 2007 nchi zote nne za Kagera zimo ndani ya Jumuiya moja. Meza ya kukalia ipo.

Kwanza, vichaguliwe vituo vichache vinavyojibu swali la nani anachangia nini: Nyabarongo kabla ya kukutana na Akanyaru, Akanyaru yenyewe, Ruvubu kabla ya Rusumo, Rusumo, Kyaka, na karibu na Kasensero mto unapoingia ziwani. Vituo sita, chupa ya aina moja, karatasi ya kuchujia ya aina moja, na maabara zinazobadilishana sampuli ili kukaguana.

Pili, wapimaji wawe watu wanaoishi kando ya mto, wanaolipwa kwa kila chupa, na walipwe zaidi kwa chupa ya siku ya mafuriko. Gari la wizara hukwama kwenye tope, jirani wa daraja hutembea. Mamlaka za maji za miji nazo hupima tope kila siku kwenye mitambo yao ili kujua dawa ya kusafishia maji itiwe kiasi gani. Takwimu hizo zipo tayari na zinaweza kuunganishwa.

Tatu, matokeo yatangazwe hadharani kila wiki, kwa Kiswahili, yakiwa na tani na tarehe. Takwimu iliyofungiwa kabatini hairekebishwi hata ikiwa na kosa. Iliyo hadharani itapingwa, itakaguliwa na mwishowe itaaminika.

Nne, mkataba wowote wa kuchimbua tope, kujenga gati au kupanua bandari usiidhinishwe bila kuambatishiwa hesabu ya tope linaloingia. Mkopeshaji anayedai hesabu za fedha za miaka mitatu adai pia hesabu za mto.

Ziwa Tanganyika linahitaji utaratibu huohuo. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja mwaka 2003. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1993, watafiti walikuwa wamechapisha ushahidi kwamba maeneo ya ziwa hilo yanayopokea tope jingi yalikuwa na aina chache za viumbe kuliko yanayopokea kidogo. Wanaovuka Gatumba kwenda Uvira wameona Ruzizi na ziwa vikiingia majumbani mwaka 2020, 2021 na tena 2024. Baada ya kila mafuriko hutolewa ahadi. Tani za tope hazitajwi.

Wenye mzigo waulize

Wafanyabiashara wa mipakani wamewahi kushinda mambo makubwa kwa kuuliza mara nyingi. Vituo vya pamoja vya huduma mpakani na utaratibu rahisi wa cheti cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000 vilikuja baada ya malalamiko ya miaka mingi ya watu waliokuwa wakilala Mutukula, Busia na Rusumo wakisubiri mhuri. Vyama vyao hukaa kwenye vikao na maofisa wa mpaka. Humo wanaweza kuuliza swali jipya: tozo ya bandari ikipanda, daftari la tope liko wapi?

Ofisa hatakuwa na jibu mara ya kwanza. Mara ya pili ataahidi kuuliza makao makuu. Ya tatu huenda mtu akatumwa darajani na chupa.

Hadi siku hiyo lori litaendelea kupanda mizani, dereva ataendelea kutozwa kwa kilo zilizozidi, na Kagera utaendelea kupita chini ya daraja la Kyaka na mzigo ambao hakuna aliyeuandika.